TV mpya sasa au usubiri? Kwanza jua ni kipi kilichochoka

Kila mashindano makubwa ya soka yanapokaribia, swali hili huzuka upya vijiweni na mbele ya maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi: ninunue TV mpya sasa au nisubiri? Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa kuliandaa kwa pamoja, limelipa swali hilo uzito wa pekee. Wakati huohuo maneno yanayobandikwa kwenye maboksi yanazidi kuongezeka: smati, 4K, 8K, QLED, HDR. Mmoja anaambiwa picha yake ni mbaya kwa sababu TV yake "haina 4K". Mwingine anashauriwa asinunue chochote mpaka 8K ishuke bei. Wa tatu amelipa fedha nyingi, amefika nyumbani na kukuta mpira unaonekana vilevile, au vibaya zaidi.

Mkanganyiko huu unawalia watu akiba ya miezi mingi. Sehemu kubwa yake huondoka ukishatenganisha vitu vitatu ambavyo vyote tunaviita "TV".

Cha kwanza ni kioo, yaani sehemu unayoitazama pamoja na taa zilizo nyuma yake. Cha pili ni ubongo: bodi na programu zinazofungua YouTube, Netflix na mengineyo. Cha tatu ni chanzo, kule picha inakotoka: king'amuzi, antena, intaneti au flashi. Kioo kikifa, au kikiwa kidogo mno kwa sebule yako, dawa ni TV nyingine. Lakini ubongo ukizeeka au chanzo kikiwa kibovu, dawa yake hugharimu sehemu ndogo ya bei ya TV, na mara nyingi TV mpya haitibu chochote. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "lini ninunue", jua kwanza ni kipi kati ya hivyo vitatu kinachokusumbua.

Anza na chanzo

Zunguka nyuma ya TV uutazame waya unaotoka kwenye king'amuzi. Ukikuta pini tatu za njano, nyekundu na nyeupe, yaelekea umeshaupata ugonjwa. Waya huo wa AV hupitisha picha ya mfumo wa zamani yenye mistari 576 tu, hata kama king'amuzi chenyewe ni cha HD. Chomoa, weka waya wa HDMI, kisha kwa rimoti ya TV chagua HDMI 1 au 2 kulingana na tundu ulilochomeka. Baada ya hapo ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, sehemu ya picha, uweke 1080i au 1080p na umbo la 16:9. Hatua hii husahaulika sana. King'amuzi kinaweza kuendelea kutoa 576 kupitia HDMI, au kuivuta picha kwa upana mpaka wachezaji wote waonekane wanene.

Kama tatizo ni picha kukatika vipande vya miraba au kuganda, kioo hakina kosa. Enzi za analojia, mawimbi hafifu yalileta chenga, nawe uliendelea kutazama hivyo hivyo. Mawimbi ya dijitali hayana chenga: yakiwa ya kutosha, picha huwa safi, yanapopungua kidogo tu picha huvunjika. Fungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi. Utaona mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Wa ubora ndio wenye maana zaidi. Ukiwa chini au ukiyumbayumba, kagua ncha za waya wa antena au wa dishi. Maeneo ya pwani, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, chumvi ya hewani hula ncha hizo zikawa za kijani au nyeusi. Kata sentimita tatu za waya, funga ncha mpya, kisha elekeza upya antena au dishi huku mwenzako akisoma namba ndani. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya TV.

Halafu kuna chaneli zenyewe. Nyingi bado zinarushwa kwa kiwango cha kawaida, yaani chini ya HD. Picha ya namna hiyo ina nukta (vidoa vidogo vya rangi vinavyoiunda) kama 415,000. Kioo cha Full HD kina nukta zaidi kidogo ya milioni 2, na kioo cha 4K kina nukta kama milioni 8.3. Ina maana kila nukta moja inayotoka studio lazima ijaze nafasi ya nukta 20 kwenye kioo cha 4K, na hizo 19 nyingine TV inazikisia. Ni sawa na kupeleka picha ya pasipoti studio ikakuzwe hadi ukubwa wa mlango: karatasi itakuwa kubwa, sura itakuwa na ukungu. Ndiyo sababu mtu aliyetoka inchi 32 akaenda inchi 55 za 4K, huku akitazama chaneli zilezile, huona picha imeharibika. TV yake ni nzima. Imekuza tu kasoro ambazo kioo kidogo kilizificha.

Ving'amuzi vingi vya bei ya kawaida havivuki HD. Kama king'amuzi ndicho chanzo chako pekee, 4K haitakupa mechi iliyo wazi zaidi. Itakusaidia ukiwa na intaneti nzuri, flashi yenye filamu za kiwango hicho, au mashine ya michezo kama PlayStation 5.

Kwenye intaneti nako hesabu ni nyepesi. Netflix yenyewe inashauri kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kwa Full HD na 15 kwa 4K, na matumizi yanaweza kufika GB 3 kwa saa kwenye HD na GB 7 kwa saa kwenye 4K. Filamu ya saa mbili ya 4K ni GB 14. Mwenye intaneti ya nyumbani ya malipo ya mwezi hatajali. Anayeunganisha bando la simu anajua GB 14 ni kitu gani.

Hapa pia pana imani moja ya kuondoa. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikafuata 2015, wauzaji wamekuwa wakiandika "ina king'amuzi ndani". Maana yake ni kwamba TV ina kipokezi cha DVB-T2, kwa hiyo ukiichomekea antena ya kawaida itapata chaneli za bure zinazorushwa kutoka minara ya ardhini ambazo hazikufungwa. Haitafungua chaneli za kulipia, na haitanasa dishi isipokuwa iwe na kipokezi cha DVB-S2 pia. Ni kitu kizuri kuwa nacho, ila hakiondoi malipo ya mwezi ya king'amuzi chako.

Ubongo uliozeeka

TV ya smati ya miaka sita au saba iliyopita inaweza kuwa na kioo kizuri kabisa, lakini YouTube inachukua dakika kufunguka au Netflix inasema haiungwi mkono tena. Watengenezaji huacha kuzihudumia programu za TV mapema kuliko kioo kinavyochoka. Watu wengi hapa ndipo wanapoitupa TV nzima.

Jaribu kwanza kupunguza mzigo: futa programu usizotumia, safisha kumbukumbu ya muda ya zilizobaki, kisha zima TV kwenye soketi kwa dakika mbili, wala si kwa rimoti, uwashe tena. Ikishindikana, nunua kijiti au kisanduku cha Android TV au Google TV kinachochomekwa kwenye HDMI. Kioo kinabaki kilekile, ubongo unakuwa mpya. TV isiyo smati kabisa nayo inageuka kuwa smati kwa njia hiyohiyo, mradi ina tundu la HDMI.

Makosa mawili huwapata wengi. La kwanza ni kukichomeka kijiti kwenye tundu la USB la TV ili kipate umeme. Matundu mengi ya USB hutoa nusu ampea tu, kijiti kinahitaji zaidi, hivyo kinazima na kujiwasha katikati ya filamu. Tumia adapta yake ukutani. La pili ni kununua kisanduku cha bei ya chini sana chenye Android ya simu iliyobandikwa kwenye TV, bila idhini ya Netflix. Programu hufunguka, ila picha huishia kiwango cha chini hata ulipie kifurushi kikubwa. Tafuta kilichoandikwa wazi kuwa ni Google TV au Android TV, na kabla hujalipa hakikisha Netflix inapakuliwa kutoka kwenye duka la programu la kisanduku hichohicho.

Na hapana, TV ya smati haihitaji intaneti ili ifanye kazi. Bila intaneti ni TV ya kawaida inayopokea king'amuzi, antena na flashi.

Kioo: pa kutengeneza na pa kuacha

Hili ndilo eneo ambalo uamuzi huwa wa kweli, na ndilo watu wanalolijua kidogo.

TV zote bapa zinazouzwa kama "LED" ni LCD. Kioo cha LCD hakitoi mwanga. Kinauruhusu au kuuzuia. Mwanga unatoka kwenye mikanda ya taa ndogo za LED iliyopangwa nyuma. Taa hizo zimeunganishwa kwa mfululizo, na ikikatika moja, mkanda wote unakosa umeme, bodi inahisi hitilafu na kuzima zote. Matokeo yake: sauti ipo, picha hakuna, au picha inatokea sekunde moja kisha giza. Kuthibitisha, zima taa ya chumba, washa TV kwenye chaneli yoyote, elekeza tochi ya simu karibu kabisa na kioo. Ukiona picha hafifu ikicheza ndani ya giza, kioo ni kizima na taa ndizo zimekufa.

Ugonjwa huu unatibika. Lakini mwambie fundi abadilishe mikanda yote, asirukie taa moja iliyoungua, kwa kuwa zilizobaki zina umri uleule na zitafuatana. Na TV ikirudi, punguza mwanga wa nyuma. Viwandani huwekwa juu kabisa ili TV ing'ae dukani. Nyumbani 50 hadi 70 kati ya 100 unatosha, na taa hudumu zaidi kwa sababu hazichemki. Kwa TV za inchi 55 kwenda juu kuna hatari nyingine: ili kuzifikia taa, fundi lazima aondoe kioo chembamba chenye mikanda midogo ya waya pembeni, na kikipinda kidogo tu kinapasuka. Mkubaliane mapema nani atabeba hasara.

Ikiwa TV haiwaki kabisa, au taa nyekundu inapepesa, mara nyingi ni bodi ya umeme. Kapasita zilizovimba kichwa, fyuzi iliyokatika, au mjusi aliyeingia kupitia matundu ya kupoza na kufia juu ya nyaya. Mafundi wa kwetu wanamjua huyo mjusi vizuri. Matengenezo haya ni ya bei nafuu na yanafaa kufanywa.

Picha iliyogawanyika nusu, rangi zilizogeuka au vivuli viwili huenda ni bodi ya kati inayoongoza kioo, ama mkanda wake uliolegea. Inafaa kumwonyesha fundi. Lakini mistari iliyosimama wima isiyoondoka, au kioo kilichopasuka na kuvuja wino mweusi, ni kuaga. Kioo kipya pekee hukaribia bei ya TV nzima, na wengine hufunga kioo kilichong'olewa kwenye TV nyingine mbovu bila dhamana yoyote.

Kanuni inayofaa: gharama ya fundi ikivuka theluthi moja ya bei ya TV mpya ya ukubwa uleule, au TV ikiwa imeshatengenezwa mara moja kwa tatizo lilelile, acha. Nunua.

Maneno ya kwenye boksi

4K si lazima iwe bora kwako. Jicho la kawaida haliwezi kutenganisha nukta za Full HD za TV ya inchi 43 ukikaa mbali zaidi ya mita 1.7. Kwa inchi 55 mpaka huo ni mita 2.2, na kwa inchi 65 ni mita 2.6. Pima kutoka ukutani hadi kwenye kochi. Ukikaa mita tatu kutoka inchi 43, 4K na Full HD ni kitu kimoja kwa macho yako. Kwa kuwa siku hizi TV za inchi 50 na kuendelea karibu zote ni 4K, utaipata bila kuitafuta; usiilipie nyongeza kwenye TV ndogo tu kwa sababu ya herufi.

8K usiisubiri. Ina nukta milioni 33, na ili uione tofauti yake na 4K kwenye inchi 65 ungekaa chini ya mita 1.3. Hakuna chaneli ya Afrika Mashariki inayorusha 8K, na hata huko kunakotengenezwa, soko lake limekataa kukua.

QLED ni LCD ileile iliyoongezewa tabaka linalofanya rangi zikolee. Si OLED, ingawa majina yanafanana na wauzaji wanafaidika na mfanano huo. OLED haina taa za nyuma. Kila nukta inajiwashia yenyewe, hivyo nyeusi yake ni nyeusi ya kweli. Ina udhaifu mmoja mkubwa: nembo ya chaneli au ubao wa matokeo unaokaa pale pale saa nyingi kila siku unaweza kuacha kovu la kudumu. Kwa saluni, mgahawa, baa au nyumba inayoacha habari zikitembea tangu asubuhi hadi usiku, OLED si chaguo. Kati yao kuna Mini-LED, LCD yenye taa ndogondogo nyingi zinazozimwa kwa makundi, nayo kwa sebule yenye madirisha na mwanga mwingi wa mchana ndiyo inayofaa zaidi kama mfuko unaruhusu, maana inang'aa sana.

HDR ni uwezo wa kuonyesha mwanga mkali na kivuli kizito kwa pamoja. Karibu kila TV imeandikwa HDR. TV isiyofikisha hata niti 400 za mwanga huipokea ishara tu, haiwezi kuionyesha. HDR yenye maana huanzia karibu niti 600, na kwa TV za bei ya chini neno hilo lipuuze.

Hz ni mara ngapi picha inabadilishwa kwa sekunde. TV nyingi ni 60. Maneno kama "motion 200" au "rate 240" ni hesabu za matangazo. Mpira wa king'amuzi hauhitaji zaidi ya 60. Mchezaji wa michezo ya mashine mpya ndiye anayefaidika na 120 ya kweli, na huyo ahakikishe kuna angalau tundu moja la HDMI 2.1.

Sasa, wakati

Watengenezaji wakubwa huonyesha TV za mwaka kila Januari kwenye maonyesho ya Las Vegas. Zinaanza kufika madukani Ulaya na Marekani kati ya Machi na Juni, zikiwa na bei ya juu kabisa ya maisha yao. Kisha hushuka, na chini kabisa huwa Novemba, halafu masalio huendelea kuuzwa mpaka toleo jipya liingie. Ndugu aliye Uingereza, Ujerumani au Minnesota kule Marekani anaweza kuipanga manunuzi yake kwa kalenda hiyo: Novemba, au Februari na Machi toleo la mwaka uliopita. Mabadiliko ya mwaka mmoja hadi mwingine ni madogo mno kiasi kwamba toleo lililopita kwa punguzo ni karibu kila mara biashara bora kuliko jipya.

Kwetu kalenda hiyo inafika ikiwa imechujwa. TV nyingi madukani ni za mwaka uliopita au juzi, na bei inasukumwa na mambo mengine: dola, nauli ya kontena, na kodi. Bajeti za serikali husomwa Juni na viwango vipya vya ushuru huanza Julai mosi, Tanzania na Kenya pia. Ukisikia bidhaa za kielektroniki zinaongezewa ushuru, siku chache za mwisho wa Juni zina thamani. Dola ikipanda, duka lenye mzigo wa zamani hukaa na bei ya zamani kwa muda mfupi tu, basi hapo kusubiri kunakuumiza. Zaidi ya hayo, tangu mwishoni mwa 2025 bei ya chipu za kumbukumbu duniani imepanda sana kwa kuwa vituo vya akili unde vinazinunua kwa wingi, na kila TV ya smati ina chipu hizo ndani. Matumaini kwamba TV hushuka bei daima si ya kuegemea kwa sasa.

Kuhusu mashindano: wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza ndio wakati mbaya kuliko wote. Wanunuzi ni wengi, ukubwa unaotafutwa (43 na 55) unaisha, na fundi wa kufunga ukutani hapatikani. Nunua miezi miwili au mitatu kabla, au subiri mpaka fainali ipite, wauzaji walioagiza kupita kiasi watakapotaka kurudisha fedha. Januari nayo, fedha za kila nyumba zikiwa zimekwenda kwenye ada, ni mwezi wa muuzaji kusikiliza.

Basi nani anunue sasa? Ambaye kioo chake kimekufa kwa namna isiyotengenezeka, ambaye bado ana TV ya chogo isiyo na HDMI, na ambaye anakaa mita tatu kutoka inchi 24 akikodoa macho. Nani asubiri? Mwenye Full HD nzima ya inchi 40 na zaidi, anayetazama king'amuzi. Huyo atengeneze chanzo, aongeze kijiti, na fedha iliyobaki aweke kwenye sauti. Spika za TV nyembamba hutoa wati nane au kumi kila upande zikielekea chini au nyuma, na watu wengi wanaodhani wanahitaji TV kubwa wanahitaji kusikia mtangazaji.

Mambo yanayosahaulika mpaka TV ifike nyumbani

Sabufa. TV nyingi mpya hazina tena matundu mekundu na meupe ya sauti. Nyingi zina HDMI ARC (tundu la HDMI linalotoa sauti) na tundu la optikali. Sabufa yako ya zamani haitaingia. Utahitaji kigeuzi kidogo cha kutoka optikali kwenda pini mbili, na kwenye mipangilio ya sauti ya TV uchague PCM, la sivyo utapata kimya au mkwaruzo. Muuzaji hatakuambia hili.

Umeme. TV ya inchi 32 hutumia karibu wati 40, ya inchi 55 karibu wati 120. Kwa saa sita kwa siku, ya kwanza ni uniti 7 hivi kwa mwezi, ya pili karibu 22. Kwa mteja wa TANESCO aliye kwenye daraja la D1, la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hizo 15 za nyongeza zinaweza kumtoa kwenye daraja hilo na kumfanya alipe bei ya juu kwa uniti zote, bila taa wala friji kubadilika. Piga hesabu hiyo kabla ya kuchagua ukubwa.

Umeme unaporudi baada ya kukatika huja na mpigo, nao ndio unaoua bodi nyingi. Nunua TV gadi inayosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme upite. Wakati wa radi chomoa soketi na waya wa antena vyote viwili. Radi hupita kwenye antena pia.

TV zilizotumika kutoka nje zinahitaji tahadhari. Iliyotoka Uingereza au Ulaya ina volti zetu, na kama ina DVB-T2 itanasa chaneli zetu. Iliyotoka Marekani ina kipokezi cha ATSC kisichofaa kwa antena yetu, na baadhi hutumia volti 120 tu. Ya Japani ni volti 100 na mfumo wa ISDB-T. Soma kibandiko cha nyuma: kikisema 100–240V uko salama upande wa umeme, kikisema 120V, ukiichomeka moja kwa moja umeiunguza.

Dukani, usikubali kubeba boksi lililofungwa. Ifunguliwe, iwashwe. Pima kioo kwa futi kamba kutoka kona hadi kona bila fremu: inchi 32 ni karibu sentimita 81, inchi 43 ni 109, inchi 55 ni 140. Zipo zinazoandikwa 43 na kumbe ni 40. Kwenye flashi yako weka picha tano za rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Kwenye nyeupe tafuta madoa ya kivuli, kwenye nyeusi tafuta mwanga unaovuja pembeni, na kwenye rangi tafuta nukta zilizokufa. Kama wanakuambia ni 4K, chomeka kompyuta ndogo kwa HDMI uone kama inaruhusu 3840 kwa 2160, kisha fungua maandishi madogo kabisa uyasome kwa karibu. Zipo zinazopokea 4K na kuionyesha kwenye kioo cha nukta 1366 kwa 768, na hapo herufi ndogo zitavurugika. Jaribu kila tundu la HDMI na USB, fungua Netflix na YouTube kwa intaneti ya simu yako.

Risiti iandikwe namba ya modeli na namba ya TV yenyewe, si neno "TV" peke yake, na kadi ya dhamana ipigwe mhuri siku hiyohiyo. Ukinunua kwa mpango wa lipa mdogo mdogo, jumlisha malipo yote mpaka siku ya mwisho, ulinganishe na bei taslimu ya duka la jirani. Boksi na maboya yake vitunze hadi dhamana iishe, kwa sababu ikibidi kuirudisha, TV iliyosafirishwa bila boksi lake mara nyingi hufika kioo kimepasuka, na kioo kilichopasuka dhamana haikigusi.